Kitabu Kilichotugawa Akina Mama

Saa nne ya usiku ilikuwa imepita. Vyombo vilikuwa vimeoshwa na mlango umefungwa, lakini binti wa kidato cha tatu alikuwa bado amekaa jikoni na kitabu chembamba mkononi. Mama yake alipomwambia akalale, aliomba kurasa mbili tu. Kurasa mbili zikawa ishirini. Alfajiri, akiwa anapuliza moto wa chai, alimwuliza mama yake swali ambalo katika nyumba nyingi za Wakurya mtoto hamwulizi mzazi: je, siku ile yeye mama alilia, au alinyamaza kama alivyoagizwa?

Mama alijifanya hakusikia. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Mama huyo ni mmoja wetu. Aliposimulia habari hiyo katika kikundi chetu, alitaka tumsaidie la kumjibu binti yake, na tena alitaka kujua ni kitabu gani hicho kilichoingia nyumbani mwake bila hodi. Ndipo tulipoamua kukisoma. Tulikisoma sisi wa Tarime, na wenzetu wa Mugumu, wilayani Serengeti, nao wakakisoma. Tulipokutana kulinganisha mawazo tulikuta tumegawanyika vibaya. Wapo waliotaka kila binti akisome. Wapo waliotaka kirudishwe shuleni siku hiyo hiyo. Na wapo waliokaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, na pengine hao ndio waliosema mengi kuliko sisi sote.

Ni kitabu gani?

Kinaitwa Unanswered Cries, maana yake vilio visivyojibiwa. Mwandishi ni Osman Conteh wa Sierra Leone, na kilichapishwa na Macmillan mwaka 2002. Ni riwaya iliyoandikwa kwa ajili ya vijana, na kwa miaka mingi imekuwamo katika orodha ya vitabu vya fasihi ya Kiingereza kwa kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania. Kwa njia hiyo, binti wa Afrika Magharibi asiyejua hata Tarime iko wapi ameingia katika nyumba zetu ndani ya mfuko wa madaftari.

Binti huyo ni Olabisi, mwenye umri wa miaka 14. Oyah, mwanamke anayeishi na baba yake, ameazimia kwamba msichana huyu aingizwe katika Bondo. Hicho ni chama cha siri cha wanawake wa Sierra Leone, na mlango wa kuingilia ni kukeketwa. Anayeongoza shughuli ni Yah Posseh, mama anayeogopwa na wengi. Upande wa pili yuko Makalay, mama mzazi wa Olabisi, ambaye hakubali. Yanatokea mavutano, binti anatafuta njia ya kujiokoa, na mwishowe shauri linafika mahakamani. Mwisho wake hatutausimulia hapa, maana wako mabinti ambao hawajafika huko, nasi hatutaki kuwanyang'anya utamu.

Ndiyo, tumesema utamu. Kitabu hiki kinahusu jambo zito, lakini kimeandikwa kwa namna ya hadithi za kusisimua. Kila sura inapoisha msomaji anabaki na wasiwasi: je, watampata? Nani atamficha, na nani atamsaliti? Sisi tuliosoma shule miaka ya 1970 na 1980 tunaifahamu hali hiyo. Tulimficha Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa chini ya madawati, na wazazi wetu walilalamika kwamba vitabu vile vitatuharibu. Lakini katika vitabu vile hatari ilikuwa mbali nasi: wapelelezi, bastola na hoteli kubwa za mijini. Katika kitabu hiki hatari ni mwanamke wa nyumbani, anayekupikia na kukuita mwanangu.

Jinsi tulivyokisoma

Wengi wetu Kiingereza chetu ni kidogo. Kwa hiyo tuliwaomba mabinti watusomee. Siku za Jumapili alasiri walikaa katikati yetu, wakisoma sentensi kwa Kiingereza na kuitoa kwa Kiswahili, na pale ambapo bibi mmoja aliyekuwa nasi hakuelewa, wakaitoa kwa Kikurya.

Hatukujua tunajiingiza katika nini. Mtoto anayetafsiri hawezi kuficha. Lazima alitamke neno, nalo neno lenyewe ni lile ambalo mama yake hajawahi kulitamka mbele yake. Alasiri moja msomaji wetu alifika mahali fulani akasimama. Hakuwa amekosa neno. Alikuwa anamtazama mama yake, na mama anatazama chini. Sote tulijua kwamba binti yule alipelekwa kwa ngariba alipokuwa na umri wa miaka 12, na kwamba mama yake ndiye aliyemnunulia kanga mpya za siku hiyo. Tulinyamaza. Kisha mama akamwambia kwa sauti ya chini aendelee kusoma, naye akaendelea.

Kama kitabu hiki kina faida moja tu, basi ni hiyo. Kimewakalisha mama na binti mahali pamoja, na katikati yao likawekwa jambo ambalo hapo awali lilikuwa likizungukwa kama shimo la giza njiani.

Waliokipenda

Akina mama waliokipenda walitoa sababu tatu.

Kwanza, kinamwonyesha binti akiwa na akili yake. Katika mikutano mingi tuliyohudhuria, msichana huzungumziwa kama mzigo: alindwe, asaidiwe, afichwe. Olabisi anafikiri, anauliza, anakataa, anaogopa na tena anatenda. Binti zetu walijiona ndani yake.

Pili, kinalileta jambo hili mbele ya sheria. Wengi wetu hatukujua kwamba Tanzania nayo ina sheria ya waziwazi juu ya jambo hili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A. Mtu mwenye mtoto wa chini ya miaka 18 mikononi mwake, akimkeketa au kusababisha akeketwe, anaweza kufungwa kuanzia miaka 5 hadi 15, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au adhabu zote mbili. Maana yake, msomaji mpendwa, sheria haimtafuti ngariba peke yake. Inamtafuta pia mzazi aliyemkabidhi mtoto. Sentensi hiyo ilipoeleweka kikundini, ilitutia hofu kuliko sura yoyote ya kitabu.

Tatu, kinatutoa upweke. Wakurya wengi tunadhani kwamba mambo haya ni yetu sisi tu, na kwa hiyo anayeyapinga anatudharau sisi. Kumbe huko Sierra Leone ni makubwa zaidi: utafiti wa taifa wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanawake 83 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Hapa Tanzania hesabu ya namna hiyo ilikuwa 18 katika 100 mwaka 1996, ikashuka hadi 10 mwaka 2015-16, na 8 mwaka 2022. Lakini mkoa wetu wa Mara, katika utafiti ule wa 2015-16, ulikuwa na 32. Taifa linapungua, nasi tumo nyuma. Hata hivyo tunapungua.

Waliokikataa

Waliokikataa hawakuwa wajinga wala wakatili, nasi tungekosa haki tukiwaandika hivyo.

Baadhi walisema ni aibu mambo ya faragha ya mwili wa mwanamke kusomwa darasani, wavulana na wasichana pamoja, na mwalimu wa kiume mbele yao. Baadhi waliogopa kwamba mtoto atajifunza kukimbia nyumbani kwa kila anachokikataa, hata kazi za shamba. Tuliwajibu kwamba kumkimbia ngariba na kulikimbia jembe ni mambo mawili, wakakubali nusu. Ilitukumbusha Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe ng'ambo ya maji yetu, iliyotoka mwaka 1971. Riwaya ile nayo iliwahi kuzuiwa shuleni kwa kuyasema maisha ya wasichana bila kuficha, na baadaye ikaja kusomwa na wanafunzi.

Lakini hoja iliyotugusa zaidi ilitoka kwa yule bibi. Yeye alimsikiliza Yah Posseh tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akatuambia kwamba mwanamke yule hamjui. Katika maisha yake amewashika mabega wasichana wengi siku ile, wakiwamo wajukuu zake, na hakumchukia hata mmoja. Aliwapenda. Aliamini kwamba msichana asiyekatwa atabaki msagane, jina la dharau analoitwa asiyepitia mila, na kwamba hatapata mume wa maana, wala ng'ombe wa mahari hawatafika idadi, wala hatakuwa na sauti mbele ya wanawake wenzake. Alidhani anamfungulia mlango. Sasa kitabu kinamfanya fisi.

Tulifikiri sana juu ya maneno hayo. Ni kweli kwamba hadithi ya kusisimua inahitaji adui, na adui huyo lazima aonekane kwa mbali ili msomaji aogope. Lakini huku kwetu adui haji na uso wa kutisha. Anakuja Desemba, na zawadi, na nyimbo, na ndugu waliotoka mbali kuja kucheza. Binti aliyefundishwa na kitabu kumwogopa Yah Posseh anaweza asimtambue anapokuja katika sura ya shangazi yake mpenzi, mwenye noti mkononi na mwavuli mpya. Hapo ndipo kitabu kinapopungukiwa.

Wenzetu wa Mugumu

Wenzetu wa Mugumu walikuwa na lalamiko lingine kabisa. Wao walisema kitabu hakitishi vya kutosha.

Wana sababu yao. Mjini kwao Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, lilifungua nyumba salama mwaka 2014 kwa ajili ya wasichana wanaokimbia kukeketwa. Aliyeisimamia tangu mwanzo ni Rhobi Samwelly, ambaye amekwisha kusimulia hadharani jinsi alivyokeketwa akiwa binti mdogo na kukaribia kufa kwa kutokwa damu. Baadaye, mwaka 2017, aliongoza kuanzishwa kwa shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba Mugumu na Butiama. Upande wetu wa Tarime kipo kituo cha Masanga, kilichoanza kazi hiyo mwaka 2008 chini ya watawa wa Kanisa Katoliki, ambako mamia ya wasichana hukaa kambini wakati wa msimu.

Akina mama wa Mugumu wamewaona wasichana wakifika usiku, miguu imechanika kwa miiba, bila kitu mkononi. Wapo waliotembea usiku kucha porini, katika wilaya ambayo mpaka wake ni mbuga ya Serengeti, na fisi wake si wa hadithini. Olabisi, walisema, angalau ana mama mzazi upande wake. Msichana anayefika Mugumu mara nyingi amemkimbia baba na mama wote wawili. Akiingia pale hajui kama atarudi nyumbani, na akirudi, kama atapokelewa au atapigwa. Kisha zinafuata siku za mazungumzo, wazazi wanaitwa, ahadi zinaandikwa mbele ya serikali. Wengine wanapatana. Wengine hawapatani, na mtoto anabaki pale mwaka hata mwaka akisoma shule, na siku za sikukuu hana wa kumtembelea.

Kitabu kina ukurasa wa mwisho, ila msichana wa Mugumu hana. Na hili tuliona ni onyo jema kwetu wazazi tunaopenda hadithi ziishe vizuri.

Kinafika baada ya kisu

Tulipokuwa tumebishana kwa wiki kadhaa, ni binti mmoja kati ya wasomaji wetu aliyetunyamazisha sote. Alituuliza: kitabu hiki kinasomwa kidato cha ngapi?

Kidato cha tatu na cha nne. Na huku kwetu wasichana wanakeketwa lini? Wengi wanapelekwa wakiwa na umri kati ya miaka 10 na 15. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba. Baada ya hapo mtoto anakaa nyumbani, na Desemba msimu unafika, hasa katika miaka ambayo wazee wa koo wameitangaza. Kwa hesabu hiyo, kisu kinafika kwanza, kitabu kinafuata zaidi ya miaka miwili baadaye. Tena kinafika kwa Kiingereza, na kwa wale tu waliobahatika kuendelea na sekondari. Aliyeozeshwa baada ya darasa la saba hatakiona kamwe.

Sisi watu wazima tulikuwa tukibishana kama kitabu hiki ni kikali mno kwa mtoto wa kidato cha tatu. Yeye aliona kwamba kimechelewa mno. Binti huyo alipelekwa kwa ngariba alipomaliza darasa la saba. Alipokuja kumsoma Olabisi alikuwa hasomi ili ajiokoe. Alikuwa anasoma ili ajue kwamba yaliyompata yana jina, na kwamba hakuwa na kosa.

Basi tufanye nini?

Hatukufikia uamuzi mmoja juu ya kitabu. Mpaka leo wako miongoni mwetu wanaokipenda na wasiokipenda. Lakini tulikubaliana juu ya mambo manne, nasi tunakushirikisha wewe mzazi.

Soma anachosoma mwanao. Kama lugha ni ngumu, mwombe akutafsirie. Utajifunza mengi kwa kumsikiliza anavyochagua maneno, na zaidi kwa pale anaposimama.

Usingojee kidato cha tatu. Hadithi si lazima iwe na jalada. Mtoto wa darasa la tano anaweza kusimuliwa na mama yake, kwa lugha ya nyumbani, mambo yaliyompata mama mwenyewe. Na waandishi wetu wa Kiswahili, ambao wametupa wapelelezi wengi hodari, watupe sasa binti mmoja wa Mara, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa shule ya msingi atakisoma mwenyewe.

Mwambie binti yako pa kwenda. Kitabu kikimfundisha kukataa bila kumwonyesha mlango, kimemwacha njiani. Ajue mwalimu gani anaaminika. Ajue kwamba katika kituo cha polisi lipo dawati la jinsia na watoto. Ajue namba 116, ya kumsaidia mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Ajue Masanga iko wapi, na nyumba ya Mugumu iko wapi. Na wewe mama, jitahidi uwe mlango wa kwanza, ili milango hiyo mingine isihitajike.

Mwisho, usimtupe bibi. Yule bibi wetu hakubadili mawazo yake yote. Lakini Jumapili ya mwisho alisema kwamba mjukuu wake mdogo, aliye darasa la sita, hatamshika mabega. Hakueleza zaidi, wala hatukumwuliza. Mzee akiondoa mikono yake, shughuli imekosa mtu wake muhimu. Tungemwita fisi, asingetuambia hivyo.

Na yule mama aliyechukua ndoo akaenda kuteka maji? Ilimchukua siku nyingi. Hatimaye jioni moja, wakichambua dagaa wawili wao, alimjibu binti yake bila kuulizwa tena. Alimwambia kwamba hapana, hakulia. Aliambiwa kwamba akilia ataiaibisha nyumba yao, akauma kanga mpaka ikatoboka. Kilio kile alikaa nacho miaka 27. Binti hakusema neno. Alisogea karibu, wakaendelea kuchambua dagaa mpaka giza likaingia.